Safari ya wawili kwa wenye ndoa ya miaka mingi: kutoka Tabora hadi ziwani Kigoma

Hesabuni safari mlizokwenda pamoja tangu mlipooana. Ondoeni misiba, harusi, mahafali ya watoto na kumsindikiza mgonjwa hospitali, kisha mwone kimebaki nini. Mume na mke wa kwetu hupanda gari moja, lakini wakishafika tu mume anakalishwa chini ya mwembe na wanaume wenzake, mke anaingia jikoni kupepeta mchele, na wanaonana tena siku ya kurudi. Hiyo nayo tunaiita safari ya pamoja.

Mwongozo huu ni wa wawili peke yao, bila mwenyeji na bila shughuli ya mtu. Naandika nikiwa Tabora, kwa hiyo safari yenyewe naipeleka Kigoma: usiku mmoja wa treni, halafu Ziwa Tanganyika. Mlio Kigoma mnaweza kuigeuza, na mwishoni nimewawekea maneno mawili matatu.

Hatua ya 1: Kila mmoja ataje kitu kimoja

Kabla ya kugusa hela, kaeni jioni moja na kila mtu aseme kitu kimoja anachotaka kutoka kwenye safari hii. Kimoja tu. Mzee wangu alitaka kuona ziwa lililobeba meli ya Liemba, ambayo ameisikia tangu utotoni. Mimi nilitaka kuamka, kukaa mbele ya maji, kuletewa chai, na kupitisha siku nzima bila mtu kuniuliza mboga leo ni nini. Nimezungumza na wanandoa wenzetu na naona tunafanana: wanaume wengi hutaja kitu cha kwenda kukiona, wanawake hutaja kazi wanayotaka kuipumzikia. Msichekane. Hilo la mwenzio ukiliona dogo, ndilo la kulitimiza kwanza, tena halina gharama.

Kama mmoja ametaja Zanzibar au hifadhi ya Mahale, liandikeni lisipotee, ila anzeni na safari hii fupi. Mtu umeishi naye miaka mingi lakini hujui anavyosafiri. Kuna anayetaka kuwa stesheni saa tatu kabla ya treni, na kuna anayekumbuka kupiga pasi wakati bodaboda iko mlangoni. Kuna asiyeweza kula chakula cha njiani hata kidogo. Bora mjuane kwenye safari ya siku nne kuliko ya majuma mawili. Hija sijaiingiza humu, maana ile ni ibada na ina hesabu zake.

Hatua ya 2: Tarehe

Tazameni kalenda tatu.

Ya kwanza ni ya shamba na kazi. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge hawahitaji kuambiwa kwamba kabla ya masoko mfukoni hakuna kitu. Mstaafu na mwenye duka wana nafuu, ila mwenye duka aepuke siku za karibu na sikukuu.

Ya pili ni ya mvua na upepo. Kigoma mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi ni kizuri kwa kutembea, lakini kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini unavuma kwa nguvu ziwani na mawimbi yanakuwa makubwa, hasa mchana. Asiyezoea maji asipange safari ya boti miezi hiyo. Mimi napendelea Septemba. Joto lipo, ila ziwa limetulia.

Ya tatu ni ya mwezi wa mbinguni, na hii wengi huisahau. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, na wengi hupumzika. Basi chagueni. Mkitaka kuona ziwa limejaa taa usiku, nendeni wakati wa giza. Mkitaka kukaa nje mkiangaziwa na mwezi, nendeni siku za mwezi mpevu. Kumbukeni pia kwamba mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kama safari yenu inaangukia miezi hiyo, ulizeni kwanza kama ziwa limefungwa, msije mkafuata taa na samaki wa mgebuka mkaambulia kuku wa kisasa.

Hatua ya 3: Pesa

Gawanyeni katika mafungu matano: nauli, malazi, chakula, boti na zawadi. Nauli na malazi hujulikana mapema, ulizeni tu. Chakula Kigoma hakitawaumiza. Boti ndiyo mmeza pesa, kwa sababu mkikodi ya peke yenu mnalipia mafuta ya kwenda na kurudi. Zawadi ni fungu la kuwekewa ukomo, maana mtu akishika njia ya kurudi anakumbuka ukoo mzima.

Kuweka akiba ni rahisi kuliko kuilinda. Hela ya safari ikikaa pamoja na hela ya nyumba, itaondoka na ada ya mtoto wa shemeji. Wekeni kwenye laini ambayo namba yake hamjawapa ndugu, au kwenye kikoba ambacho hugawana mara moja kwa mwaka. Na mkubaliane kabla: ikitokea shida ya kweli, hela hii itaguswa au haitaguswa? Kwetu tulisema itaguswa kwa ugonjwa na msiba tu. Mchango wa sendofu ukaja, ukakuta mlango umefungwa.

Tengeni pia nauli ya kurudi, ikae kwa mmoja wenu, isiguswe hata na mgebuka.

Hatua ya 4: Kutoka nyumbani

Hapa ndipo safari nyingi hufia, kuliko kwenye pesa. Wajukuu wapo, kuku wapo, kuna binti aliyerudi nyumbani na mtoto mchanga, kuna ng'ombe wa kukamuliwa. Na juu ya yote kuna maneno: "Wazee hawa wanakwenda wapi?"

Waambieni watoto majuma mawili kabla, kwa sauti ya kutoa taarifa. Mkiomba ruhusa mtapewa sababu za kubaki. Mtoto mmoja akabidhiwe nyumba, na mtoto huyohuyo pekee ndiye awe na haki ya kupiga simu. Wengine wote wapitie kwake. Mpeni na kipimo: mtu amelazwa, nyumba imevunjwa, au msiba. Gesi kuisha si dharura, na rimoti kupotea si dharura.

Halafu lipo la ndugu wa Kigoma. Nani Tabora asiye na ndugu Kigoma? Yupo shangazi Gungu, mtoto wa kaka anafanya kazi Mwanga, au jirani wa zamani aliyehamia Ujiji. Wakisikia mmelala gesti, itakuwa kesi ya ukoo. Mkifikia kwao, safari imekwisha: mume sebuleni na taarifa ya habari, mke jikoni, usiku mke analala na mabinti wa nyumba. Msiende kimyakimya mkidhani mji ni mkubwa, mtakutana sokoni. Pigeni simu kabla, waambieni wazi: "Shangazi, tunakuja kupumzika, tumeshapata mahali pa kulala. Siku ya mwisho tutakuja kukuamkia, tule chakula cha mchana kwako." Atanung'unika, ni haki yake. Mfike na chupa ya asali ya Tabora ya kueleweka, ile ya misitu ya miombo, na manung'uniko yatapungua. Siku ya mwisho ni muhimu. Mkianza na shangazi siku ya kwanza, hamtatoka.

Hatua ya 5: Treni au basi

Basi linawahi kufika. Bado mimi nasema treni, kwa sababu kwenye basi mtakaa mmetazama kisogo cha mtu, na kwenye treni mnakaa mmetazamana au mmetazama dirisha.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo hiyohiyo ya geji nyembamba inayowapeleka. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, huku kwetu bado. Treni ya Kigoma inatoka Dar es Salaam na kupangwa upya mabehewa Tabora, maana hapa ndipo njia zinapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma; ya Mpanda inachepukia mbele, Kaliua. Kwa hiyo mambo mawili. Nafasi za kulala huwa zimeshachukuliwa na waliopanda kabla yenu, kateni tiketi mapema na mwende na vitambulisho. Na treni hukaa sana Tabora, ikisukumwa mbele ikirudishwa nyuma. Msiharakishwe na honi.

Mkikata daraja la kulala, ulizeni dirishani swali hili kwa maneno haya: "Mimi na mwenzangu tutakuwa chumba kimoja?" Desturi ya reli ni kutenganisha wanaume na wanawake kwenye vyumba vya watu wengi, hata kama mmeoana kabla karani hajazaliwa. Kama kuna chumba cha wawili, chukueni hicho. Kama hakuna na hela inaruhusu, ulizeni kama mnaweza kulipia vitanda vyote vya chumba kimoja. Yakishindikana yote, viti vya kukaa viwili vilivyo jirani ni bora kuliko vitanda vizuri katika mabehewa mawili.

Bebeni shuka mbili, mkeka mdogo wa kukunja, maji ya kunywa, tochi na karatasi za chooni. Usiku wa Juni na Julai ubaridi unapenya dirishani, kwa hiyo sweta lisikae chini ya begi. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mwenye sukari asitegemee treni kufika kwa saa iliyoandikwa, abebe chakula cha akiba. Tunabeba viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, havimwagiki na havinuki.

Njiani mtapita Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza. Kila stesheni ina soko lake chini ya dirisha, hata usiku: mabeseni yenye kibatari au tochi, mikono inanyoosha vitu juu. Nguruka ni jirani ya bonde la mto Malagarasi, samaki wa kukausha wapo. Uvinza ni chumvi, inayopatikana kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi tangu hata kabla ya zama za misafara. Kati ya stesheni moja na nyingine ni giza na miombo. Mkizungumza, sawa. Mkinyamaza, nayo ni sawa. Wale wasafiri wa Kizungu, Livingstone na Stanley, walitoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871 wakafika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Februari 1872. Karibu miezi miwili kwa njia ya usiku wenu mmoja, na wao walikuwa wamefahamiana kwa majuma machache tu.

Hatua ya 6: Malazi

Treni ikifika, mtatokea kwenye stesheni ya zamani ya Wajerumani na ziwa liko hapohapo mbele yenu. Barabara ya Lumumba inapanda kutoka hapo kwenda Mwanga, na nyumba za wageni nyingi ziko pande hizo. Mkitaka maji yawe mlangoni, tafuteni upande wa Bangwe na Katonga. Ni ghali kidogo na ni mbali na mji, na kwa safari hii umbali ni faida.

Sasa lile la gesti. Watu wa rika letu tunaliona neno hilo limekaa vibaya, kana kwamba anayelala gesti ana la kuficha. Mtakuta kijana kaunta, atawasukumia kitabu cha wageni chenye safu zake: jina, kabila, utokako, uendako, kazi. Mzee wangu alipomaliza kuandika akanigeuzia peni. Kijana akatutazama, akatazama kitabu, akasema, "Shikamooni. Chumba ni kimoja?" Mzee akamjibu, "Kimoja, mjukuu wangu, vya viwili hatuna hela." Kijana akainamia droo ya funguo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Msione haya. Kama mna cheti cha ndoa na mnaona kitawapa amani, bebeni nakala.

Kabla ya kulipa, ingieni chumbani. Fungueni bomba, maji yatoke. Washeni feni. Kishusheni chandarua mtazame matundu, Kigoma ina mbu na malaria ipo. Kalieni kitanda, mgongo ndio utakaowaambia. Ulizeni baa ya jirani inafunga saa ngapi, na mumwulize jirani, siyo mwenye gesti. Choo cha kuchuchumaa kama magoti hayakubali, semeni mapema.

Na kama mmoja wenu anakoroma mpaka bati linatikisika, chukueni chumba chenye vitanda viwili. Hakuna mahaba kwa mtu ambaye hakulala.

Hatua ya 7: Siku za Kigoma

Siku ya kwanza msipange kitu. Ogeni, laleni, amkeni, kuleni. Ombeni mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, au dagaa wabichi waliokaangwa kwa mawese mpaka mchuzi unakuwa mwekundu. Mtu wa Tabora aliyezoea dagaa waliokaa gunia miezi atadhani ni samaki mwingine. Kuhe na sangala nao wapo.

Jioni tafuteni mahali penye viti vinavyotazama magharibi. Jua linazama upande wa Kongo, nyuma ya milima ya ng'ambo ambayo mchana huioni kwa ukungu, na jua likishafika nyuma yake ndipo inajichora. Msiondoke likishazama. Kama ni siku za giza, ngojeni saa moja hivi. Taa ya kwanza inawaka mbali, mnabishana kama ni nyota. Inawaka ya pili, ya tatu, halafu mnaacha kuhesabu. Kwenye kila taa kuna watu wanaovuta wavu usiku kucha ndani ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Mzee wangu aliniambia hayo kama mtu aliyelipima mwenyewe kwa kamba.

Asubuhi, kama mnaweza kuamka, shukeni Kibirizi au Katonga. Mitumbwi inarudi, akina mama wameshika mabeseni, bei inapandishwa na kushushwa kwa kelele, na dagaa wanatandazwa juani kuanikwa. Vaeni viatu vya kuoshwa. Salimieni, huku asubuhi mtasikia "Mwakeye" badala ya "Mwangaluka" yetu. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Ujiji msiikose, ni kilomita chache tu na daladala zipo. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na kuna makumbusho, mnara, na miembe inayosemwa kuwa ni vichipukizi vya ule mwembe wa siku ile. Ila usikubali iwe ziara ya Wazungu wawili tu. Mwulize mwongoza wageni kuhusu njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ikaishia hapa, na watu waliopitishwa wakiwa na minyororo, na Wanyamwezi waliobeba pembe mabegani. Sisi wa Tabora tuna damu yetu kwenye njia hiyo. Kisha potelea mitaani: nyumba za udongo zenye milango ya mbao, baraza, kahawa chungu. Mimi ningeipa Ujiji alasiri nzima, na makumbusho saa moja kati yake.

Kama kuna mwenye ndoto ya Liemba, ulizeni bandarini meli iko wapi na inafanya nini wakati huo, maana meli ya umri ule hukaa sana matengenezoni. Habari yake inatosha kwa chakula cha jioni kizima. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa maelfu ya masanduku, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isichukuliwe na adui, lakini wakapaka mitambo grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Gombe ni kwa wenye magoti. Hifadhi iko kaskazini ya mji, inafikiwa kwa boti tu, na sokwe hawakungoji chini ya mti. Mnapanda vilima vyenye mteremko mkali mkishika mizizi. Hapa ndipo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipofika Julai 1960 na kuona sokwe akitengeneza kijiti cha kuvulia mchwa, jambo lililowalazimisha wasomi kufikiri upya juu ya nani anajua kutumia zana. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisibaki chumbani. Mwenye mafua asiende kabisa. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu, na hata mzima anatakiwa akae mbali nao angalau mita 10. Boti za abiria kutoka Kibirizi ni nafuu lakini zinasimama kijiji kwa kijiji, na ratiba ya kurudi inaweza kuwalazimisha kulala. Ulizeni kurudi kabla ya kwenda. Kama mmoja anaweza na mwingine hawezi, aende anayeweza, na mwenzie abaki na chai yake mbele ya maji. Kutengana saa chache mkiwa safarini hakuvunji ndoa, na jioni mtakuwa na la kusimuliana.

Kuhusu kuogelea: kichocho kipo kwenye baadhi ya fukwe, hasa palipo na matete na maji yaliyotulia, na mamba wapo karibu na midomo ya mito. Ogeleeni pale wenyeji wanapowaambia ni salama, kama ufukwe wa Jakobsen upande wa Katonga wenye mchanga na maji maangavu. Asiyejua kuogelea aishie magotini. Vazi la kuogea lisiwatishe: wanawake wa rika langu wanaingia na dera, na maji hayaulizi.

Hatua ya 8: Nyinyi wawili

Wengi wanakwenda wakijibebesha mzigo wa fungate, kwamba lazima usiku wa kwanza ujae mambo. Mmetoka kwenye treni, miguu imevimba, mmoja ana dawa ya presha ambayo nayo ina maneno yake kwenye mambo ya chumbani. Mambo hayo yakija, yaje yenyewe, na mara nyingi huja siku ya tatu, mkishalala vya kutosha na mkishacheka. Kama kuna tatizo la muda mrefu, daktari wa Tabora ndiye wa kuonwa kabla ya safari. Msinunue dawa ya nguvu stendi, hasa mwenye presha au moyo.

Wekeni sheria moja ya mazungumzo: baada ya chakula cha jioni hakuna habari ya watoto, madeni, wala kiwanja chenye mgogoro. Mtashangaa jinsi mezani panavyokuwa kimya mwanzoni. Vumilieni. Kimya kikipita, mtu anaanza na habari za zamani: yule mwalimu wenu, ile baiskeli, siku mlipoonana kwa mara ya kwanza maulidini au kwaya. Hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo nilikuwa sijaambiwa tangu tuoane, na sitaliandika hapa.

Mtagombana. Mara nyingi itakuwa juu ya njia, bei au mzigo. Ugomvi wa safarini umalizwe kabla ya kufika chumbani, hata kwa mmoja kukubali kosa lisilo lake, kisha mdai Tabora.

Simu moja iwashwe, moja izimwe, mpokezane kwa siku.

Kwa mlio Kigoma

Njooni Tabora kwa treni hiyohiyo. Nendeni Kwihara kwenye tembe la Livingstone, alikokaa mwaka 1872 akingoja wapagazi na vifaa vyake. Nendeni bwawa la Igombe jioni. Mwulize mwenyeji habari za Mtemi Isike, aliyejilipua na baruti mwaka 1893 badala ya kutekwa na Wajerumani. Mje wakati wa maembe kama tarehe inawaruhusu, na mnunue asali kwa mtu atakayewaruhusu kuonja.

Kurudi

Kateni tiketi ya kurudi mara mnapofika, siyo siku ya mwisho. Chakula cha kwa shangazi kiwe mchana, mmeshafunga mizigo na mizigo ipo stesheni au kaunta, la sivyo mtalazwa.

Dagaa wakaushwe barabara kabla ya kufungwa, maana waliobaki na unyevu watanuka kabla ya Uvinza na behewa zima litawajua. Wafungeni vizuri kwenye kiroba. Mawese nunueni kwenye dumu lenye kifuniko cha kuzungusha, wekeni kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunika, na dumu lisimame sakafuni miguuni penu. Likiwekwa kitanda cha juu litavuja, na doa la mawese kwenye shuka jeupe halitoki kwa sabuni yoyote.